Mawe Mapya ya Redio

Kabla hujacheka, jua kwanza ni nani anakuambia. Mimi si mtu wa kuona vitu gizani. Sinywi, sivuti, na siku ya mvua napanda juu ya mabati ya watu bila kamba. Nimejenga nyumba ya ghorofa hapa Nyeri kwa mikono hii, na shule niliachia darasa la saba. Uliza yeyote kuanzia Kiganjo mpaka Naro Moru. Atakuambia huyo fundi ana mdomo mkubwa, hilo hatakataa, lakini uongo hana. Kwa hivyo nikisema jambo hili lilinipata, lilinipata.

Kazi yangu ni kufunga dishi za televisheni. Mafundi wengine hufunga, wakapokea chao, wakaenda. Mimi nilijiuliza: hili sahani linatazama nini? Maana kwetu dishi halitazami pembeni kama nchi za watu. Linalala chali, limetazama juu kabisa, mpaka mvua ikinyesha linajaa maji na ndege wanakuja kuoga. Nikasoma kwa simu yangu. Nikauliza wanaojua, nikasoma tena. Nikagundua kwamba juu ya ikweta, mbali sana kupita mawingu, kuna setilaiti imekaa, na ikweta yenyewe iko hapo Nanyuki tu, karibu na sisi. Ina maana ile kitu iko karibu juu ya utosi wetu. Inazunguka pamoja na dunia, kwa hivyo haibanduki hapo, mchana na usiku. Sasa niambie, mtu akishajua hilo, atalala?

Mimi sikulala. Nilifungua blogu, nikaiita Dishi la Fundi. Hakuna aliyenituma na hakuna mkubwa wa kuniambia andika hivi, acha vile. Mwezi, sayari, roketi, vimondo, yote naandika kwa Kiswahili changu cha mlimani, na watu wanasoma. Usiku ule mwezi uligeuka mwekundu, mimi nilikuwa nimewaambia mapema saa ambayo ungeanza na saa ambayo ungeisha. Kuna kanisa moja lilikuwa limepanga kukesha kwa hofu. Wakasoma, wakakesha kwa furaha, wakaleta na chai. Sijisifu. Nasema tu vile ilikuwa.

Ndipo redio ikanipigia. Ni kituo cha hapa mjini kinachotangaza kwa Kiswahili, jina nitaliacha. Mtangazaji tumwite Njoki, kijana wa heshima. Akaniambia, "Fundi, Jumamosi saa tatu asubuhi njoo studio. Utaongea kidogo, halafu tufungue simu wasikilizaji wakuulize. Ukiwapendeza, hiyo saa itakuwa yako kila Jumamosi. Ukikwama, tutakunywa chai tuachane kwa amani."

Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye atakwama, si mimi. Nikatangaza kwa blogu. Nikatangaza sokoni, kanisani, kwa kinyozi. Mpaka mama watoto akasema, "Baba Wanjiru, hata kuku wamejua. Pumzika."

Lakini kuna mtu aliandika chini ya tangazo langu neno moja ambalo lilinishika. Aliandika: "Kwa redio hakuna kufuta."

Si kweli? Kwa blogu naandika, nafuta, naandika tena, mama watoto ananisomea makosa. Kwa redio neno likitoka limetoka. Nikaanza kujizoeza maneno mbele ya kioo. Sitasema ni woga. Nasema mazoezi.

Na kuna sababu nyingine, na hii sikuwa nimemwambia mtu. Ni cucu wangu, mama ya baba, ambaye alinilea.

Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, baba ya baba. Mimi ndiye wa kwanza, kwa hivyo nina jina la mzee wake, na kwa sababu hiyo cucu hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita mume wangu. Nikilia, "Nyamaza, mume wangu, nitakupikia." Nikiharibu kazi, "Jamani, nimeolewa na mume gani huyu, hata mbuzi hajui kufunga?" Wazee wa kike wa kwetu ndivyo walivyo, na marafiki zake wa rika moja walikuwa wananiita hivyo hivyo, wakigombania nani ataolewa nami kwanza. Nilikuwa mtoto mwenye wake wengi.

Cucu alikuwa na redio. Redio ya mawe makubwa matatu, yaani betri, na mawe yakichoka aliyaanika juani juu ya gunia yapate nguvu. Na alikuwa na tabia moja ambayo kijiji chote kiliijua. Alikuwa anaijibu redio. Mtangazaji akisema habari ya jioni, cucu anasema, "Njema, mwanangu, na huko kwenu?" Akisema usiku mwema, cucu anasema, "Na wewe ulale salama. Umekula?" Ami yangu alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Alimwambia, "Mama, huyo mtu hakusikii."

Cucu akajibu, "Mtu akikusalimia unaitika. Kama hasikii, hiyo ni shida yake. Siku moja mmoja wao atanisikia."

Alikufa kabla sijafunga hata dishi moja. Hii ghorofa hakuiona, wala pikipiki zangu, wala jina langu kwa mdomo wa watu. Sasa mtu anapata redio, kitu ambacho cucu angekitegea sikio, na yeye hayupo. Unaelewa maneno yale nilikuwa namwandalia nani.

Haya. Ijumaa, siku moja kabla ya redio, nilikuwa Naro Moru kutengeneza dishi la hoteli. Nikamaliza jua likienda, nikapanda pikipiki nirudi Nyeri. Mlima ulikuwa umejifunika, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na baridi ni ile ya kuingia kwa meno. Giza lilikuwa ndio linaanza. Nimetoka tu mjini, nikaona mama mzee amesimama kando ya lami, amejifunga leso kichwani mpaka karibu na macho, na kitu amekumbatia kifuani. Akainua mkono.

Nilikuwa na haraka, lakini mimi si mtu wa kupita mama mzee kwa baridi. Nikasimama.

"Mume wangu," akasema, "uko na mawe?"

Nikacheka. Sikushtuka hata kidogo, na hapo ndipo kosa langu liko. Mtu wa kwingine angeshtuka, mama asiyemjua kumwita mume. Mimi nilijiambia, huyu ni wa rika la cucu, ni mmoja wa wale wake zangu wa zamani, amenitambua.

"Mawe ya nini, cucu?" Maana kila mzee wa kike kwetu ni cucu.

"Ya redio. Yangu imelala. Na kesho kuna mtu wangu ataongea."

"Kumbe! Basi kesho mtasikia wawili. Hata mimi naongea."

"Ati wewe?"

"Mimi mwenyewe, saa tatu. Unaona fundi hivi hivi umedhani ni mchezo?"

"Hapana," akasema polepole. "Sijadhani ni mchezo."

Tochi yangu ya kazi ni ya zamani, inakula mawe makubwa matatu. Nilikuwa nimeweka mapya siku hiyo hiyo. Nikaifungua, nikayatoa yote, nikampa mkononi. "Chukua, cucu. Mimi sikosi mawe." Angalia sasa. Tochi nimeiua mwenyewe, taa ya pikipiki inatazama mbele, ukungu ni kama maziwa, na kwetu hukodolei mama mzee macho. Kwa hivyo uso wake sikuuona. Nilisikia tu harufu ya moshi wa kuni, na ugoro kidogo.

Nikamwambia apande nimfikishe. Helmeti akaikataa, ati itamharibia leso. Akakaa upande upande kama wamama wanavyokaa. Pikipiki haikushuka chini hata kidogo. Nikadhani, maskini, amezeeka amekuwa mwepesi.

"Shika vizuri," nikamwambia.

"Nimekushika," akasema. Halafu akaona jaketi langu limepanda nyuma na upepo unaingia mgongoni. Akalivuta chini, akalikunja, akalichomeka kwa mshipi, vile mtu hufanyia mtoto anayeenda shule. Mimi, mtu mzima mwenye mvi. Na nikanyamaza nikafanyiwa.

Njiani niliongea. Wewe unanijua sasa, niliongea peke yangu. Nikamwambia ghorofa. Nikamwambia blogu na wasomaji walioko mpaka Uarabuni. Kila nikisema kitu anasema "Eee," anasema "Kweli?" na ile kweli yake si ya kushangaa. Ni ya kufurahi. Tukapita nyumba yenye dishi juu, taa zimewaka.

"Hilo sahani," akasema, "mbona linatazama mbinguni?"

Nikapiga kelele kushinda upepo. Nikamweleza ile kitu imekaa juu yetu, haionekani, haibanduki. Watu wanatuma sauti kwake, inasikia, inarudisha chini.

"Kwa hivyo iko mtu huku chini anaongea, na huko juu anasikika, na anajibiwa?"

"Kabisa, cucu."

Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Basi," akasema, "mimi sikuwa mjinga."

Nikacheka na yeye. Sikuelewa nacheka nini.

Kabla ya Kiganjo kuna mahali pana mikaratusi mirefu kando ya barabara. Akanipiga begani nisimame. Nikashangaa, maana hapo ndipo nilikulia. Shamba letu lilikuwa nyuma ya miti hiyo, ami aliliuza baada ya matanga.

"Wewe ni wa kwa nani hapa, cucu?"

"Wa hapo kwa viazi. Umekula?"

"Nitakula nyumbani."

"Mtu asiende kuongea na tumbo tupu," akasema. Akanishika mikono miwili, akafungua viganja vyangu, akavitemea mate kidogo, tuu, tuu, baraka ya wazee vile unaijua. "Nenda. Tutasikia." Akaingia katikati ya miti, na ile redio kifuani.

Nyumbani mama watoto akachukua tochi, ikakataa kuwaka. "Mawe uliweka asubuhi. Yako wapi?"

"Nimepea cucu mmoja. Wa rika la cucu wangu."

Akanitazama. "Baba Wanjiru, rika la cucu wako nani amebaki?"

Nikamwambia ana maswali mengi kama polisi, nikaenda kulala. Lakini nilihesabu wale wamama kichwani, mmoja mmoja. Wote nilikuwa nimeenda kuwazika.

Jumamosi nikavaa suti. Chai sikuweza kumeza. Studio ni chumba kidogo cha kioo, unawekewa vitu kwa masikio na maikrofoni mbele ya mdomo. Njoki alikuwa mbele yangu. Nyuma ya kioo kulikuwa na kijana wa mitambo. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji hamjambo! Leo tuna mtu wetu wa nyota, Fundi wa blogu ya Dishi la Fundi. Fundi, wasalimie."

Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu kilitoka. Nakuapia, mimi, ambaye kuku wenyewe walikuwa wamechoka kunisikia. Ulimi ulikuwa kama kiatu. Kimya cha redio si kama kimya cha nyumbani, ndugu yangu. Unajua kwamba hapo hapo kwa kinyozi, kwa kila jikoni, watu wametega sikio na wanasikia wewe huna kitu.

"Fundi wetu anavuta pumzi," Njoki akacheka. "Huko juu hewa ni kidogo. Karibu, Fundi."

Hakuna. Jasho likanishuka mgongoni. Nikaona mkono wa Njoki ukienda polepole kwenye kile kitufe cha kuweka muziki. Nikajua hapo nimekwisha, na nitahama Nyeri.

Ndipo nikasikia kitu kikikwaruza masikioni. Halafu sauti ya Njoki mwenyewe, imechelewa kidogo, inarudi kama ya kisimani. Ni ile ya msikilizaji akipiga simu na redio yake iko wazi karibu.

Njoki akashtuka, lakini ni mtu wa kazi. "Haloo! Naona tuna mtu kwa laini. Karibu, mama. Punguza redio yako kidogo, tunasikia mwangwi."

"Siwezi kupunguza, mwanangu," sauti ikasema. "Mawe ni mapya."

Nywele za mikono zilisimama ndani ya suti.

"Haya, mama," Njoki akacheka, "unapiga kutoka wapi?"

"Hapa kwa viazi. Nataka kuongea na mume wangu."

"Na mume wako yuko wapi?"

"Si huyo umeketi naye, amenyamaza kama mgeni. Mume wangu, umekula?"

Niliijua. Jana kwa pikipiki upepo ulinidanganya, lakini sasa sauti ilikuwa ndani ya masikio yangu, peke yake, ile ile ya jikoni kwetu, na ile pumzi ya ugoro kabla ya neno. Mtu atakosaje kuijua sauti iliyomlea?

"Bado, cucu," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa redio. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na setilaiti. Nyeri nzima ilisikia bado, cucu.

"Nilijua tu. Sasa waambie ile ya sahani, vile uliniambia kwa njia. Ukimaliza uende ukale."

"Cucu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, sijali, "unanisikia?"

"Nakusikia. Na wewe umenisikia. Si nilisema?"

Laini ikakatika. Viganja vyangu, nilipovitazama, vilikuwa na unyevunyevu. Utasema ni jasho. Sema.

Na ulimi ukafunguka! Niliongea, ndugu yangu. Niliongea kama niko kwa pikipiki na kuna mtu nyuma yangu anasema eee, anasema kweli? Simu zikafunguliwa, zikajaa. Mtu wa Kenol akauliza setilaiti ikiharibika ni fundi gani anapanda. Mama wa Naro Moru akasema kama inatuona sote, mbona haimuoni anayeiba kuku wake. Jamaa mmoja mwenye sauti ya ofisi akaniuliza, "Bwana fundi, wewe umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia, "Darasa la saba, mheshimiwa. Uliza swali ukitaka, cheti sikukibeba." Mwishoni msichana mmoja akauliza, "Fundi, huko juu kabisa, kupita hizo setilaiti, kuna mtu?"

Siku zote kwa blogu mimi najua. Siku hiyo nikasema, "Mwanangu, sijui. Lakini mimi nikisalimiwa nitaitika, na hata nisiposalimiwa nitasalimia."

Taa nyekundu ikazima. Njoki akanikumbatia. "Fundi, ule mchezo wa cucu! Ulimpanga lini? Mpaka nimetaka kulia." Kijana wa mitambo akaingia, uso umepauka. Akasema yule mama alipoongea, laini alikuwa bado hajafungua. Zote zilikuwa zimezimwa, na alikuwa anatazama.

Nilienda moja kwa moja kwenye mikaratusi, na suti yangu. Nyuma ya miti ni shamba la viazi sasa. Pale nyumba ya cucu ilikuwa hakuna hata jiko. Msichana aliyeolewa hapo alikuwa anapalilia, mtoto mgongoni. Nikamsalimia, nikamuuliza kama kuna mama mzee anaishi karibu.

"Hakuna," akasema. "Lakini asubuhi kulikuwa na redio hapa ndani ya viazi, sauti juu kabisa. Na mtu anaitikia. Ati njema mwanangu, ati na wewe pia. Nilidhani ni mtu wa jirani anapita. Nikatoka nje, sikuona mtu." Akacheka. "Alikuwa na furaha huyo mama."

Nilisimama hapo. Machoni kulikuwa na maji kidogo. Ukungu wa huko ni mbaya.

Sasa ile saa ni yangu kila Jumamosi. Sauti ya cucu wengi wanayo kwa simu zao, na wote wananipongeza kwa ule mchezo. Wewe umeshanijua: kitu chochote kizuri ukinipa sifa yake nitaichukua. Hiyo nimekataa. Nawaambia sikupanga, wanacheka, wanasema Fundi wewe ni hatari.

Kitu kimoja kimebaki. Kila nikianza, nasema hamjambo, halafu nanyamaza. Kidogo tu, muda wa mtu kuitika. Mkubwa wa kituo mwanzoni alikasirika, akasema redio hailipiwi kunyamaza. Siku hizi hasemi kitu, maana watu wameanza kuitika. Ukipita sokoni saa tatu utasikia wamama nyuma ya mboga, "Hatujambo, Fundi." Na kila nikipita mikaratusi ile naacha mawe matatu mapya chini ya mti. Najua watu wa boda boda huyachukua. Wayachukue. Siwezi kujua ni lini yatamfikia mwenyewe.

Sasa nakuonya, na unisikie vizuri. Ukiwa na mzee nyumbani anayeijibu redio, usimwambie hasikiki. Hujui laini yake inaenda wapi. Na ukisimamishwa jioni kwa baridi na mtu anayekuita jina la nyumbani, mpe mawe, mpe na safari, lakini zima pikipiki ugeuke umtazame uso. Mimi nilimpa vyote, na maneno mengi juu yangu mwenyewe. Uso wake ulikuwa nyuma ya bega langu kutoka Naro Moru mpaka kwa viazi, na sikugeuka.

Kwa hivyo Jumamosi, nikishasema hamjambo, usijaze kile kimya. Kina mwenyewe.